Ramogi tunamjua. Mama yake je?

Wiki mbili zilizopita niliweka video nikiwa pale Dunga, nakula ngege na kuongea kuhusu maana ya jina langu. Jamaa mmoja akaandika chini: wewe si Mjaluo kamili, si nyanya yako ni Mmaragoli? Nilicheka, kwa sababu ni kweli. Nyanya mzaa mama alitoka Maragoli akaolewa Gem, na mpaka leo majirani wanamwita Nyar Maragoli. Lakini hilo neno "kamili" lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika, lakini kusoma hakuna aliyenikataza.

Tuanze na tunavyosimulia historia yetu. Ukiketi na mzee wa huku Siaya au Kisumu, atakuhesabia: wuod fulani, wuod fulani, mpaka afike kwa Ramogi. Marehemu Profesa Bethwell Ogot alizichukua hesabu kama hizo kwa uzito, akaandika kitabu mwaka 1967 kuhusu Wajaluo wa kusini, na watu wakaacha kusema ati Waafrika hawana historia kwa sababu hawakuandika. Got Ramogi bado iko pale Yimbo, unaweza kupanda uone. Mimi naheshimu sana hiyo kazi. Shida yangu ni moja tu: katika hizo hesabu zote, ni baba juu ya baba. Mama akitajwa, anatajwa kwa kule alikotoka: Nyar Alego, Nyar Sakwa, Nyar Maragoli. Akizaa binti, binti naye anaenda kuwa Nyar Gem mahali pengine, na ile Maragoli inapotea. Kizazi kimoja tu, basi.

Sasa sikia. Ndani ya seli za mwili kuna vijumba vidogo vinaitwa mitokondria, ndivyo vinavyotengeneza nguvu ya seli. Vina DNA yao wenyewe, duara dogo la herufi 16,569, mbali na ile DNA kubwa iliyo kwenye kiini. Ile kubwa unapewa nusu na baba, nusu na mama. Hii ndogo unapewa na mama. Baba anayo pia, alipewa na mama yake, lakini kwake inaishia. Kwa hivyo mimi, Mjaluo kwa baba na kwa babu, mitokondria zangu zilipitia Maragoli, na kabla ya hapo zilitoka kwa mwanamke ambaye hakuna mzee atakayenitajia jina lake.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mkubwa uliolinganisha jamii 121 za Afrika. Wajaluo wa Kenya, ambao lugha yao ni ndugu ya lugha za Sudan Kusini, walionekana kwa DNA kuwa karibu zaidi na majirani zao Wabantu kuliko na Waniloti wengine. Utafiti huo uliangalia ile DNA kubwa ya pande zote mbili, kwa hivyo usiniambie ni mambo ya wake tu. Ila mtu wa ziwani hafai kushangaa. Waangalie Abasuba wa Rusinga na Mfangano: wengi wao leo wanaongea Dholuo, na mababu zao hawakuja na Ramogi. Watu walikaa pamoja, wakaoana, lugha moja ikashinda. Yule jamaa wa "kamili" labda naye apimwe kwanza.

Lakini hii habari isingenisumbua hivi kama ingekuwa mambo ya kujigamba tu. Kwa nyanya, ukishuka kwa boda kidogo, unafika mto Yala. Januari 2022 nchi nzima iliusikia huo mto. Wanaharakati walikuja wakakuta miili mingi katika mochari ya hospitali ya Yala, iliyotolewa majini, mingine ikiwa na alama za mateso. Wanaharakati walisema zaidi ya 20, polisi wakataja 19 iliyopatikana kwa miaka miwili. Familia zilizopoteza watu zikaanza kusafiri kuja Yala kutoka sehemu nyingine za nchi. Hebu fikiria unasimama mbele ya mwili uliokaa majini siku nyingi. Sura haikwambii kitu. Alama za vidole nazo, ngozi ikishaharibika, hazina kitu.

Na huku kwetu mwili si jambo dogo. Wazazi wetu wanakumbuka kesi ya S.M. Otieno: wakili alikufa Desemba 1986, mjane wake Wambui akavutana na ukoo wa Umira Kager mahakamani, na mwili ukakaa bila kuzikwa hadi Mei 1987, ulipopelekwa Nyalgunga. Miezi mitano ya kubishana mtu alale wapi. Sasa wa Yala, hata wa kubishana juu yao hawakujulikana.

Hapa ndipo ile DNA ndogo ina kazi. Kwa kawaida maabara huanza na ile kubwa, kwa sababu inamtenganisha mtu mmoja na mwingine. Lakini mfupa ukizeeka au mwili ukiharibika, ile kubwa huvunjika. Seli moja ina nakala mbili tu za DNA ya kiini, lakini ile ya mitokondria ina nakala mamia, hata maelfu. Kitu hubaki, kwenye jino, kwenye mfupa, hata kwenye unywele usio na mzizi. Mifupa ya mfalme wa mwisho wa Urusi na familia yake ilipofukuliwa mwaka 1991, wataalamu walichukua damu ya Prince Philip wa Uingereza. Kwa nini yeye? Nyanya yake mzaa mama alikuwa dada ya malkia aliyeuawa. Uzi wa akina mama ulifika mpaka kwake, ukalingana.

Kuna mtego hapo, na wengi wanauruka. DNA hiyo haisemi "huyu ni fulani". Inasema huyu anaweza kuwa wa uzi huu wa mama. Ikilingana, swali la pili ni: watu wangapi wengine hapa wanayo kama hiyo? Ikiwa ni mmoja kati ya elfu, ushahidi una uzito. Ikiwa ni mmoja kati ya kumi, umerudi ulikotoka. Na huwezi kujibu kwa orodha ya Wazungu, kwa sababu nyuzi za kwetu, zile wanasayansi wanaziita L0, L2, L3, kule ni nadra. Lazima uwe na orodha ya watu wa hapa. Mwaka 2004 wanasayansi wa Austria, Marekani na KEMRI walichapisha orodha ya namna hiyo kwa Kenya, kwa kazi ya mahakama hasa. Watu 100, wa Nairobi. Kazi nzuri, lakini Nairobi si Mbita, na si Yimbo.

Mwaka huohuo wa 2022 maabara mpya ya uchunguzi wa jinai ilifunguliwa pale makao makuu ya DCI. Mwaka uliofuata ikaja Shakahola, miili zaidi ya 400, na kufikia Machi 2024 ni 34 tu ilikuwa imetambuliwa kwa DNA. Mashine zipo. Zinahitaji pia ndugu wa kulinganisha nao, na orodha ya kupimia.

Najua kwa nini watu wanaogopa kutoa. Serikali ilipotaka DNA yetu kwenye Huduma Namba, mahakama kuu ilikataa Januari 2020, na mimi nilishangilia. Bado nashangilia. Ila kuweka DNA ya nchi nzima kwenye kompyuta ya serikali ni kitu kimoja, na kuchukua sampuli mia kadhaa za watu wa ziwani bila majina, kwa hiari yao, ni kitu kingine.

Na familia inayotafuta mtu ijue nani wa kumleta. Baba akipotea, watoto wake wanafaa kwa ile DNA kubwa, lakini kwa hii ndogo hawafai kitu. Anayefaa ni mama yake, dada yake, ndugu wa tumbo moja, au okewo, mtoto wa dada. Yule okewo tunayemwambia huku si kwao, yeye ndiye amebeba mitokondria za mjomba.

Jumapili nilienda Gem na daftari. Nilimuuliza nyanya jina la mama yake, akanitajia. Mama wa mama yake? Akanitajia pia, polepole. Kisha akaweka kikombe chini, akaniuliza ni nani amekufa.