Majina yetu mu orodha ya marejeo, kutoka Elisabethville mpaka Lubumbashi

Bandugu bafinaliste, na ninyi mliokwisha kupata lisansi, kila mwaka nasikia maneno yaleyale: "Marejeo ni mambo ya koma na nukta, tutayapanga usiku wa mwisho." Miye nilisoma agronomia, si historia. Lakini kila mara natayarisha andiko kwa jarida la sayansi, naona kwamba hapa kwetu orodha ya marejeo ni kazi ya historia. Mji wetu, jimbo letu, chuo chetu na hata watu wetu walibadilishwa majina, na kila badiliko liliacha alama mu vitabu.

Tuanze na mtindo wenyewe. Ule wa kuweka jina na mwaka ndani ya sentensi, watu wanauita Harvard. Njo juu Edward Laurens Mark, mwalimu wa zoolojia kule Harvard, Marekani, aliutumia mu 1881 mu kazi yake juu ya konokono asiye na gamba. Ni mtindo mwepesi, unasimama juu ya miguu miwili tu: jina na mwaka. Kwa Mark hakukuwa shida: jina la ukoo linabaki, mwaka unapita. Sasa tulete mtindo ule ku Katanga, tuone kama miguu inashika.

Mji ulianzishwa mu 1910, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Mu 1966 ukawa Lubumbashi, na mwaka uleule Jadotville ikawa Likasi. Nchi iliitwa Zaïre kuanzia 1971 mpaka 1997. Jimbo la Katanga, wakati wa Zaïre, liliitwa Shaba. Kisha likarudia Katanga, na mu 2015 likakatwa vipande vinne, sisi tukabaki Haut-Katanga. Chuo nacho: kilifungua milango mu 1956 kama chuo kikuu rasmi cha Congo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Mu 1971 kikaunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Kisangani, vyote vikawa UNAZA. Mu 1981 vikaachana tena, njo tukapata Université de Lubumbashi.

Basi mwanafunzi anayetafuta kazi za zamani juu ya udongo wetu, akiandika "Lubumbashi" na "Haut-Katanga" peke yake ku intaneti, atapata za juzi. Zile za miaka ya 1970 na 1980 ziko chini ya "Shaba". Zile za mbele ziko chini ya "Elisabethville" na "Congo belge". Atarudi kwa mwalimu wake aseme: "Hakuna mtu aliyefanya kazi hii." Kumbe zipo, jina tu njo lilimpoteza.

Kwa sisi wa udongo wa shaba, mfano mkubwa ni Paul Duvigneaud, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji. Mu 1958 alichapisha kazi ndefu juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wenye madini, mu bulletin ya Société royale de botanique de Belgique, kitabu cha 90, ukurasa 127 mpaka 286. Mu 1963 akarudia, pamoja na Denaeyer-De Smet, juu ya shaba na mimea. Mtu anayesoma udongo wa shaba hapa hawezi kuruka kazi hizo. Na akiziingiza mu orodha, anaziandika na neno "Katanga" kama lilivyochapwa, si "Haut-Katanga" ya leo. Kichwa cha kazi ya mtu hakirekebishwi.

Wataalamu wa mimea walikwisha kupata dawa ya shida hii ya majina. Angalieni lile ua la shaba linaloota ku vilima vyetu, *Haumaniastrum katangense* (S. Moore) P.A. Duvign. & Plancke. Juu ya nini Moore yuko ndani ya mabano? Juu yeye njo aliyelipa mmea jina la kwanza, wakati uliwekwa mu jenasi nyingine, *Acrocephalus*. Duvigneaud na Plancke wakauhamisha. Lakini Moore hakufutwa. Mmea ulihama nyumba, na aliyeupokea mara ya kwanza anaendelea kutajwa. Njo adabu ambayo mi natamani tuwe nayo kwa miji na kwa watu: andika jina kama lilivyo ku ganda la kitabu, kisha, kama jarida linaruhusu, ongeza la leo ndani ya mabano ya mraba: Elisabethville [Lubumbashi]. Msomaji atapata njia zote mbili.

Kwa watu, mambo ni magumu zaidi. Mu 1972, kwa siasa ya authenticité, Mobutu alikataza majina ya Kikristo, kila mtu akatafuta majina ya mababu. Valentin-Yves Mudimbe, aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ile, akawa Mudimbe Vumbi Yoka. V na Y zikabaki V na Y, na leo vitabu vyake vyote vinapatikana chini ya Mudimbe, V. Y. Si kila mtu alipata bahati ya namna hiyo. Kuna walioandika mbele ya 1972 kwa jina moja na kisha kwa lingine, na mu orodha wanaonekana kama watu wawili.

Na kuna wale ambao wangepotea kabisa. Mu 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa kitabu kidogo kinachoitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, historia ya mji kwa macho ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu. Hakikupita mu nyumba kubwa ya kuchapisha. Mu 1990 Johannes Fabian akakitoa kule Amsterdam ndani ya kitabu *History from Below*, akisaidiwa na Kalundi Mango, na Walter Schicho akaandika juu ya lugha yake. Sasa ni rahisi sana kuandika "(Fabian, 1990)" na kwenda. Lakini maneno ni ya nani? Ni ya Yav. Kwa hiyo andika Yav, 1965, mu Fabian, 1990. Ni maneno matatu au manne zaidi, na mzee anabaki na neno lake.

Bandugu, tusione hii kama mambo ya zamani tu. Tuchukue jina la mfano: Ilunga Mwamba Pierre. Sisi tunaweka jina, postnom, kisha prénom. Programu za kupanga marejeo zinafikiri neno la mwisho njo jina la ukoo, basi zinatoa "Pierre, I. M." Mwaka unaofuata jarida lingine linatoa "Mwamba, P." Kazi mbili, mtu mmoja, na hakuna anayejua. Orodha za kazi za mimea na udongo wa Katanga za miaka ya 1950 zimejaa majina ya Wabelgiji, na haishangazi, juu chuo chenyewe kilifungua 1956. Leo Wakongo wanaandika. Itakuwa uchungu kama majina yao yanapotea juu ya koma.

Kwa hiyo, mbele ya kutuma andiko, soma maagizo ya jarida mpaka mwisho. Fungua kila kitu ulichotaja na ulinganishe jina, mwaka na ukurasa kwa macho yako, usiachie programu peke yake. Mémoire ya mwenzako isiyochapishwa, itaje nayo, na jina lake lote, chuo kama kilivyoitwa mwaka ule, na neno "inédit". Na wewe mwenyewe, chagua leo namna moja ya kutia sahihi, kisha jiandikishe ku ORCID, ni bure: utapata namba ya tarakimu 16 inayokufuata hata jina likikatwa vibaya.