Kuutambua Wazimu Ukambani

Jina skizofrenia lilitungwa mwaka 1908 na daktari Mswisi Eugen Bleuler. Ukambani, kwenye nyika na vilima vinavyozunguka Sultan Hamud, ugonjwa wenyewe ulijulikana zamani bila jina hilo. Watu wa nyumbani ndio walioanza kushtuka: kijana ameacha shamba, anaongea peke yake, anavua nguo, anatoka usiku asijulikane aendako. Ndipo alipoitwa mundu mue, mganga wa Kikamba, atafute aliyeroga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Mmarekani Robert Edgerton aliwauliza Wakamba, Wahehe, Wapokoti na Wasebei mwenye wazimu hufanya nini. Majibu, aliyoyachapisha mwaka 1966, yalikaribiana mno na dalili za vitabu vya madaktari. Yalitofautiana juu ya chanzo: Wapokoti na Wasebei walitaja mdudu ndani ya kichwa, Wakamba na Wahehe uchawi. Sauti zisizo na msemaji, ambazo daktari huziulizia mapema, zilitajwa kwa nadra. Si ajabu. Jirani huona mwenendo. Sauti huzisikia mgonjwa peke yake.

Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika mwaka 1953 kwamba Mwafrika hatumii sana sehemu ya mbele ya ubongo wake. Ulikuwa ubaguzi uliovikwa joho la sayansi, na uliwadhulumu wagonjwa waliohitaji kusikilizwa.

Hadi leo hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha skizofrenia. Damu hupimwa ili kuondoa shaka ya malaria au kaswende, na mgonjwa huulizwa kuhusu bangi na pombe. Kisha hutafutwa sauti, imani potofu zisizotikisika, maneno yasiyoshikamana, kujitenga na kupoa kwa hisia. Dalili kuu ziwe zimedumu mwezi mmoja au zaidi.

Katika Makueni, huko Ukambani, wakfu wa Africa Mental Health wa Profesa David Ndetei umewafundisha wauguzi, na hata waganga wa jadi na wahubiri, kutambua maradhi ya akili na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Huko bado maelezo ya jamaa yana uzito mkubwa: kijana aliacha shule lini, analalaje, alisema nini. Anayempeleka mgonjwa kituoni aende nayo.