Barafu ya Ncha ya Kusini na Bahari Yetu ya Ngomeni

Mwezi wa Januari nilikuwa Kiminini, Trans Nzoia, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Usiku stima zikapotea, tukakaa uani. Nyota za Jabari zilikuwa karibu utosini. Mpwa wangu wa kidato cha tatu akaniuliza: "Mjomba, ati kuna darubini imezikwa kwenye barafu. Yaona nini gizani?"

Darubini hiyo yaitwa IceCube, nayo iko Ncha ya Kusini ya dunia. Inawinda nyutrino, chembe ndogo kuliko atomu, isiyo na chaji na nyepesi mno. Matrilioni yake hutupita mwilini kila sekunde wala hatuhisi.

Mara chache sana, moja hugonga atomu. Ikigonga ndani ya barafu, huzaa chembe yenye chaji inayokwenda mbio kuliko mwanga unavyokwenda humo, na njiani huacha nuru ya buluu. Kuinasa nuru hiyo kwataka kitu kikubwa, cheupe kama kioo, tena chenye giza. Wanasayansi walitoboa barafu kwa maji moto, wakashusha nyaya 86 zenye vitambuzi 5,160, kati ya mita 1,450 na 2,450 chini. Kazi ilikamilika Desemba 2010.

Tarehe 22 Septemba 2017 ilinaswa nyutrino moja yenye nguvu nyingi. Darubini nyingine zikaelekezwa ilikotoka, zikakuta galaksi yenye shimo jeusi kubwa, umbali wa takriban miaka ya mwanga bilioni 4. Iko upande huo huo wa Jabari tuliokuwa tukiutazama. Subhanallah!

Kijana akaguna: "Mambo ya Wazungu hayo."

Nikamwambia, la. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, Wataliano walirusha setilaiti ya Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, na ilisaidia kutambua shimo jeusi la Cygnus X-1. Ngomeni ilifaa kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo zaidi. Kule barafu, huku bahari. Kila mahali pana neema yake.

Roketi ya mwisho iliruka pale mwaka 1988. Mpwa wangu hakuwa amesikia hata moja. Wa Kiminini nitamsamehe. Lakini wa Malindi, Lamu na Mombasa wasipojua, lawama ni yetu wazazi na walimu.