Kalibu ya sukari nguru iliyopungua kimya kimya

Najua nimepotea wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani, pale Migori na Homa Bay zinapopakana, ambapo ukisimama barabarani hujui miwa iliyo kushoto ni ya kaunti gani. (Zamani halikuwa swali. Kote huko kulikuwa wilaya moja ya South Nyanza, makao makuu yakiwa Homa Bay mjini.) Leo siandiki juu ya kompyuta. Au labda naandika, mtaamua wenyewe.

Baba mdogo ana kiwanda kidogo cha sukari nguru. Kamusi huandika "guru", sisi tumezoea "nguru", na neno lenyewe halihusiani na mwalimu wa yoga: limetoka kwa Wahindi, ambao huiita gur. Nilipofika nilimkuta na kesi. Akina mama wanaochukua mzigo kwake wa kwenda kuuza sokoni walikuwa wanasema anawapunja. Kipande kinachoitwa cha kilo, kwenye mizani hakifiki hata gramu 900.

"Mwanangu, kalibu ni ile ile," akaniapia. "Ilipoharibika niliipeleka tu ikatolewa kopi."

Hilo neno kopi ndilo lililonifanya niombe rula.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Viwanda vikubwa vya sukari vina historia ndefu Nyanza: Miwani ilianza 1922, na huku kwetu Awendo kiwanda cha South Nyanza kikaanza kusaga 1979. Lakini pembeni yake daima kumekuwa na vinu vidogo, kwa sababu mkulima anayetaka karo wiki hii hawezi kungoja. Miwa inakamuliwa kwa rola, maji yake yanachemshwa kwenye karai kubwa la wazi, chokaa kidogo inatiwa ili uchafu upande juu na kuenguliwa, kisha unachemsha mpaka inakuwa uji mzito. Uji huo unamiminwa kwenye kalibu iliyoloweshwa maji.

Kalibu ya kwanza ya baba mdogo ilikuwa ya mbao. Kabla haijapasuka kabisa na kuishia jikoni, fundi wa jua kali aliifukia kwenye mchanga wenye unyevu, akaitoa, akajaza nafasi yake kwa alumini iliyoyeyushwa kutoka pistoni kuukuu. Kazi safi. Miaka ikapita, ile ya alumini ikapata ufa, fundi akaitumia yenyewe kutengeneza ya pili. Ya pili nayo ikazaa ya tatu.

Tatizo ni kwamba alumini ikipoa kutoka hali ya maji husinyaa, kwa kawaida kama asilimia 1.3 ya urefu. Kinachotoka mchangani ni kidogo kuliko kilichofukiwa. Mara moja huwezi kuona kwa macho. Lakini hii si faili ambayo kopi ya elfu ni sawa na ya kwanza. Ni kama zile kaseti tulizosikia wakubwa wakizisimulia, unarekodi kutoka kwenye iliyorekodiwa.

Nikapima. Shimo la kalibu ya tatu lilikuwa na urefu wa milimita 115. Kopi ya kwanza niliikuta nyuma ya ghala, kuku wanaiywea maji: milimita 118. Ukirudi nyuma hatua moja zaidi, ile ya mbao ilikuwa kama 119.5. Milimita nne na nusu, nani angelalamika? Lakini zidisha kwa pande zote tatu, urefu, upana na kina: 0.987 mara tatu kwa kila upande, unabaki na karibu asilimia 89 ya ujazo. Kilo imekuwa gramu 890. (Fundi akigongagonga umbo kabla ya kulitoa mchangani, nafasi hupanuka kidogo, kwa hiyo hesabu si ya maabara. Lakini mizani ya akina mama ilisema karibu hivyo hivyo.)

Nikaenda kusoma watu wa chokoleti walifanyaje, maana wao wameishi na kalibu muda mrefu. Létang ya Paris ilizitengeneza tangu 1832, na Anton Reiche akafungua karakana yake Dresden mwaka 1870. Kalibu zile za kale nyingi hazikumiminwa. Zilikandamizwa kutoka bamba la chuma lililopakwa bati. Umbo mama moja la chuma gumu hutoa kalibu nyingi na zote ni watoto wake wa moja kwa moja, hakuna mjukuu. Reiche aligonga jina na namba juu yake, ndiyo maana wakusanyaji leo wanaweza kuitambua kalibu yake. Mimi naita hiyo namba ya toleo.

Wana bahati nyingine. Chokoleti iliyopozwa vizuri husinyaa yenyewe na kuachia kalibu. Sukari nguru hung'ang'ania, hivyo vijana wa kiwandani huipiga kalibu chini, na ndiyo maana nyufa haziishi.

Dawa yetu haikuwa ngumu. Seremala alichonga umbo jipya la mbao lenye shimo la milimita 121, ili alumini ikisinyaa ibaki 119.5. Waunda maumbo wa viwandani wana hata rula maalumu yenye vipimo vilivyokwisha kuongezwa. Umbo hilo limefungiwa ndani, halimiminiwi sukari kamwe. Kila kalibu itatoka kwake. Nilimwomba pia fundi aachane na chakavu asichokijua, kwa sababu sufuria za chakavu zilizopimwa katika nchi kadhaa za Afrika zimekutwa na madini ya risasi. Akanitazama kama mtoto wa mjini, lakini alichagua pistoni tupu.

Vipande vya kwanza vilipotoka tuliwaita akina mama waje na mizani yao wenyewe. Vilifika kilo, kimoja kikapita kidogo. Mkubwa wao akamshukuru baba mdogo, kisha akamuuliza polepole, "Na zile gramu za miaka yote hiyo?"

Nilipoondoka walikuwa bado wanahesabiana. Betri inakaribia kuisha, niishie hapa.