Ndege ya jeshi ikistaafu huenda wapi?

Ukitoka Ruiru kwenda Thika hukosi lori lililosheheni vyuma chakavu likielekea viwandani. Mimi mtu wa Mvita, na kila nikipita huko hujiuliza: ndege ya jeshi iliyochoka, nayo mwisho wake ni huu? Mwili wa ndege za zamani karibu wote ni aluminiamu, na aluminiamu ikiyeyushwa ni sufuria.

Thika yenyewe ina deni katika habari hii. Mwaka 1953, wakati wa vita vya Mau Mau, Waingereza waliweka hapo ndege ndogo za Harvard, kisha wakazihamishia Mweiga ziwe karibu na msitu wa Nyandarua, zilikoangusha mabomu.

Zetu wenyewe nyingine hazikungoja skrapu. Ziliuzwa zingali zaruka. Hawker Hunter zilikwenda Zimbabwe mwaka 1981. Strikemaster nazo zikapelekwa Botswana, na Botswana ilipozichoka zikanunuliwa na watu binafsi. Moja ikaishia Uingereza, kule kule ilikoundwa.

Makavazi yangeipataje? Sheria ya mwaka 2015 kuhusu ununuzi na uondoaji wa mali ya umma inataja zabuni na mnada, lakini pia inaruhusu mali kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo. Makavazi ya Kitaifa ni taasisi ya umma, kwa hivyo mlango upo. Ila lazima wabishe hodi kabla dalali hajagonga nyundo. Ndege ya Kimarekani kama F-5 ina kamba ya pili: haipewi mwingine bila idhini ya Washington.

Ikishapatikana, kazi ndiyo yaanza. Kuna silaha na mafuta ya kuondoa, na baruti zilizo chini ya kiti cha kumrusha rubani, ambazo zaweza kuua fundi hata baada ya miaka. Vioo vya vipimo vya kale vilipakwa radiumu. Halafu paa! Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa chumvi inavyokula bati.

Na kuiachilia je? Makavazi ya Jeshi la Anga la Marekani, kule Ohio, huwakopesha wengine ndege bila kuwauzia; ukiitelekeza, wanaichukua. Wengine hubadilishana: mwenye mbili za aina moja hutoa moja apate asiyo nayo. Kanuni za ICOM, baraza la kimataifa la makavazi, zataka fedha za kitu kilichouzwa zirudi kwenye mkusanyiko, si kulipa bili ya stima. Hapo naona ndipo wengi wangeteleza.

Pale Fort Jesus upo mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyozamia Rufiji mwaka 1915. Lakini zile Catalina zilizokuwa zikitua majini Kipevu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mimi sijaona hata ubawa.