Alama za Mtihani na Mlango wa Udaktari

Sisi walimu huwaambia wanafunzi wetu kila mwaka ya kuwa alama njema za mtihani ndizo ufunguo wa chuo cha udaktari. Neno hili ni kweli, walakini si kweli yote. Maana ufunguo hufaa pale tu ambapo mwenye mlango amekubali kuutambua. Habari za wanawake wa Edinburgh zatuonyesha jambo hili waziwazi.

Mwaka wa 1869 ulipoanza hapakuwa na chuo kikuu katika visiwa vya Uingereza kilichopokea wanawake. Mwaka huo Sophia Jex-Blake aliomba kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti. Akajibiwa ya kuwa matengenezo hayawezi kufanywa kwa ajili ya mwanamke mmoja. Basi akatafuta wenzake, na mwezi wa Oktoba wanawake watano wakafanya mtihani wa kuingilia chuo. Walipimwa Kiingereza, Kilatini na hesabu, pamoja na masomo mengine mawili ya kuchagua. Watahiniwa wote walikuwa 152. Matokeo yalipotolewa, katika saba wa kwanza wanne walikuwa wanawake.

Wakapokewa, na baadaye wenzao wawili wakajiunga nao, wakawa saba. Lakini walifundishwa mbali na wanaume, tena kwa ada kubwa zaidi. Mwaka wa 1870 mmoja wao, Edith Pechey, aliwashinda wote waliofanya mtihani wa kemia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa haki yake kupewa Tuzo ya Hope. Akanyimwa, wakapewa wanaume waliokuwa nyuma yake, kwa hoja ya kwamba hakusoma katika darasa lao. Na aliyemtenga na darasa hilo ni nani, kama si chuo chenyewe? Tena fedha ya tuzo ile ilitokana na mafundisho ambayo Profesa Hope aliwatolea wanawake zamani.

Tarehe 18 Novemba 1870, walipokwenda kufanya mtihani wa anatomia, kundi la watu liliwazuia njiani na kuwatupia matope. Mwaka wa 1873 mahakimu wakakata shauri ya kuwa chuo hakikulazimika kuwapa digrii. Hivyo hapana hata mmoja wao aliyehitimu pale. Walakini hawakulegea. Mwaka wa 1874 ikaanzishwa shule ya udaktari ya wanawake katika London. Mwaka wa 1876 sheria ikaruhusu wanawake watahiniwe. Na mwaka wa 1877 Jex-Blake na Pechey, waliokwisha kupata digrii huko Bern katika Uswisi, wakapewa cheti cha udaktari katika Ireland.

Mtu asidhani ya kuwa mambo haya yalizikwa pamoja na karne ile. Mwaka wa 2018 ilifunuliwa ya kuwa Tokyo Medical University, chuo cha udaktari katika Japani, kilikuwa kikiwapunguzia wasichana alama za mtihani wa kuingilia kwa siri, tangu mwaka wa 2006 angalau. Edinburgh ilizikataa alama mchana. Tokyo ilizigeuza gizani.

Mwaka wa 2019 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliwapa wale saba digrii za heshima. Ilikuwa imepita miaka 150 tangu mtihani ule, na wote walikuwa wamekwisha kufa zamani.

Basi, ndugu walimu, tunapomhimiza mtoto ajitahidi apate alama, twampa ahadi. Ahadi hiyo haitimizwi kwa bidii yake peke yake; yahitaji pia uaminifu wa wale wanaosahihisha karatasi na kuandika orodha ya waliofaulu. Na mara nyingi watu hao ndio sisi.