Mkeka Rahisi Kuliko Yote Kenya

Wacha nianze na aibu yangu, mkishacheka tuendelee.

Septemba 2024 nilikuwa na pesa ya karo kwenye simu. Nusu ya karo, tusidanganyane, nusu nyingine mamangu alikuwa bado anaihangaikia. Nikaiweka yote kwa mechi moja: Kenya na Zimbabwe, kufuzu AFCON. Hesabu yangu ilikuwa safi. Kenya yuko nyumbani, Zimbabwe mgeni, Kenya anashinda, nachukua changu, nalipa karo yote, mama anapumzika. Pale kibandani tunapoangalia mpira, hapa Chaani, jamaa karibu sita walinihakikishia. Mmoja aliniita profesa.

Ikaisha 0-0.

Nilifanya anachofanya kila shabiki. Nikaanza na refa, ati kapeti, ati dakika za nyongeza kidogo. Refa akiisha nikamgeukia kocha, Engin Firat. Nilimtusi Mturuki wa watu usiku mzima. Kwenye grupu yetu ya WhatsApp nikaandika "Firat aende kwao" mara sijui ngapi. Mzee anayetuuzia kahawa, ambaye kwa kawaida hutuacha tu tubweke, akaniuliza, "We mwanangu, hiyo mechi ilichezwa wapi?"

Nikamwambia, "Nyumbani, mzee."

"Nyumbani wapi?"

Namboole. Kampala. Wanangu, mimi nilijua mechi iko Uganda, niliona kabisa kwenye runinga, lakini kwenye mkeka imeandikwa Kenya upande wa kushoto na kichwa changu kikasema nyumbani. Mwaka huo Kenya nzima haikuwa na uwanja ambao CAF ingeukubali. Juni tulikuwa tumewapokea Burundi na Kodivaa "nyumbani", huko Lilongwe, Malawi. Na sikilizeni hii: siku nne baada ya mechi yetu, Zimbabwe nao waliutumia uwanja ule ule wa Namboole kama nyumbani kwao, wakicheza na Kameruni. Yaani mimi nilibeti mwenye nyumba dhidi ya mgeni, kumbe wote wawili ni wapangaji.

Desemba Firat akaondoka, baada ya kukosa AFCON. Nilishangilia. Pesa haikurudi, na chuo nilikuwa nishatoka. Sisemi ni mkeka peke yake ulionitoa, lakini siwezi kuutoa kwenye hesabu.

Kukaa nyumbani bila darasa kunakupa muda mwingi wa kusoma vitu ambavyo hakuna mtu atakutahini. Nikaanza kutafuta: hivi kabla ya Firat tuliwafukuza wangapi? Nilidhani ni watano, sita. Tukianzia 2004 tu, mwaka ambao Jacob "Ghost" Mulee alitupeleka AFCON Tunisia na tukawafunga Burkina Faso 3-0, hadi Firat anaondoka, kiti cha kocha wa Harambee Stars kimebadilisha mwenyewe zaidi ya mara 15. Na si ati ni watu tofauti wote. Mulee alienda akarudi, akaenda akarudi tena. Francis Kimanzi hivyo hivyo. Bernard Lama, kipa wa zamani wa Ufaransa, alikuja 2006 na hakumaliza hata mwaka. Henri Michel, mtu aliyekuwa ameshapeleka timu kadhaa Kombe la Dunia, tulimpata 2012 na mwaka huo huo akaondoka.

Novemba 2009 ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu inamgusa mtu wetu wa Pwani. Kenya ilikuwa icheze na Nigeria Kasarani, mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Kocha Mjerumani, Antoine Hey, hakuwepo. Timu akapewa Twahir Muhiddin, mechi ishabisha hodi. Tukatangulia kufunga. Mwisho wakashinda 3-2, Nigeria wakaenda zao Kombe la Dunia. Fikirieni kukabidhiwa usukani wa matatu ikiwa tayari inashuka mteremko wa Makupa, halafu abiria wanakulaumu wewe kwa breki.

Sasa njoo kwa Adel Amrouche. Huyu namkumbuka kwa macho yangu. Desemba 2013 CECAFA ililetwa Kenya na robo fainali ikaja hapa Mombasa, uwanja wa manispaa. Babangu alinipeleka. Nilikuwa mtoto, sikuona kitu ila migongo ya watu na kipande cha goli moja, lakini tulimfunga Rwanda 1-0 na tukarudi Chaani tukiimba njia nzima. Siku ya Jamhuri, Nyayo, Allan Wanga akatia mawili dhidi ya Sudan na kombe likawa letu. Amrouche alikuwa mfalme.

Agosti 2014, miezi minane tu baadaye, tukatolewa na Lesotho kwenye kufuzu AFCON. Hatukuachia kocha peke yake, timu nzima ilivunjwa. Na wengi wetu tuliona sawa kabisa. Ati Lesotho! Mtu unafungwaje na Lesotho? Lakini Amrouche alikuwa na mkataba. Akashtaki, kesi ikafika hadi Uswisi, na shirikisho la kandanda letu likaamriwa kumlipa takriban dola milioni 1. Kwa kufanya nini? Kwa kukaa nyumbani. Bobby Williamson aliyemfuata naye alipigwa kalamu, naye akashtaki, naye akashinda. Halafu 2024 tunaambiwa hatuna uwanja.

Hapo ndipo nilipouona mkeka rahisi kuliko yote nchi hii. Hauhitaji kujua nani ameumia goti wala nani amelala na njaa kambini. Unaandika tu: kocha atafukuzwa. Unaweza kuukosea tarehe, hukosei jibu.

Na msiseme ni Harambee Stars pekee. Bandari wetu walimaliza wa pili ligi kuu 2018, wa pili tena 2019, na mwaka huo wa 2019 wakabeba ngao chini ya Bernard Mwalala, wakaingia Afrika. Kabla msimu uliofuata haujaisha Mwalala hakuwa kocha tena. Timu ya Mombasa iliyowahi kuchukua ligi ya Kenya ni Feisal, 1965. Babu zetu hapo ni vijana! Sisi tukafika mlangoni mara mbili mfululizo, tukayumba kidogo, huyo, kwaheri.

Najua mashabiki wa Man U mko hapa mnataka kuniambia mpira ndivyo ulivyo, matokeo hayaji kocha anaenda. Nyinyi ndio wa kwanza kulia na Ferguson. Ferguson alifika Old Trafford 1986, kombe lake la kwanza 1990, ligi yake ya kwanza 1993. Miaka hiyo yote angekuwa anafundisha Kenya, angeshafukuzwa, akaturudia, akafukuzwa tena. Moyes mlimpa mkataba wa miaka sita na msimu mmoja haukuisha. Mkaendelea hivyo hivyo hadi Ten Hag.

Nasi tuliwahi kuwa na subira, au sijui ilikuwa bahati. Chini ya Marshall Mulwa tulichukua CECAFA 1981, 1982 na 1983. Mara tatu mfululizo, kocha yule yule. Ukiwatajia vijana wa maskani jina hilo wanadhani ni mwanasiasa.

Habari ya marefa nitaipita haraka maana nikianza hapo hatulali. Mashaka yana sababu. 2018 mwamuzi msaidizi kutoka Kenya, aliyekuwa aende Kombe la Dunia Urusi, alinaswa kwenye video ya Anas, yule mwandishi wa Ghana, akipokea pesa. Tangu hapo kila kidedea kikipulizwa vibaya mtu anasema "huyo kashapokea". Lakini filimbi mbaya inaumiza mechi moja. Haikunyimi uwanja miaka.

Basi Agosti 2025, CHAN, hatimaye tuko Kasarani, nyumbani kweli. Benni McCarthy benchini. Tumewafunga Kongo, tumewafunga Moroko, tumewafunga Zambia, tumeongoza kundi. Kibanda kimejaa hadi watu wamekaa juu ya kreti za soda. Robo fainali na Madagaska tunatangulia, wanasawazisha kwa penalti, tunakwenda kupigiana penalti, tunatolewa. Refa akatukanwa mpaka babu yake. Haikupita dakika mbili, kijana mmoja wa kidato cha nne akapanda kwenye kiti: "McCarthy aende!"

Nilimwona ana simu mkononi, skrini ya kijani, najua alichokuwa amepoteza. Nikamwambia shuka dogo. Nikamuuliza, mechi ijayo inachezwa wapi? Akanijibu kwa hasira, Kasarani, wapi tena? Nikamwambia basi hapo tumeshasonga mbele, mwache mtu afanye kazi.

Wiki mbili baadaye Gambia wakaja Kasarani wakatupiga 3-1. Dogo alinitafuta hadi mlangoni kwetu, mamangu ndiye aliyemfungulia.

"Yuko wapi profesa?" akauliza.